Sura ya Tisa na Mume wa Arua

Maneno yaliyomnyima Rukiah usingizi yalisemwa kwa simu, tena kwa sauti ya mapenzi.

"Hivi yule bwana harusi wako," mpenzi wake Mansur alimwambia, "kwani ni lazima atiwe kwenye gari? Si angechelewa tu kwa sababu ya mvua?"

Rukiah alisema mtandao unakatika, kisha akakata simu yeye mwenyewe. Akabaki amekaa kitandani. Sura ya tisa ya riwaya yake, alimokuwa bwana harusi huyo, ilikuwa haijatoka nyumbani kwao. Haikuwa imechapwa wala kutumwa kwa mtu yeyote. Alikuwa ameisoma mara moja tu, uani kwa Shangazi Sharifah, mbele ya wanawake wa kusuka, na Mansur hakuwa amewahi kukanyaga ua ule.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kawaida yake ya kazi. Rukiah aliandika riwaya za mapenzi, vitabu vyembamba vya Kiswahili ambavyo Wanubi wa Bombo, Wakenya wa Busia na wake wa askari wa Makindye walivinunua sokoni pamoja na nyanya na sabuni. Kabla ya kupeleka kitu kwa mchapaji aliwasomea kwanza wanawake waliokusanyika Bwaise kwa shangazi yake kusuka makawa ya kufunikia chakula, yale ya rangirangi ambayo Wanubi huyaita tabaga. Walisikiliza huku mikono inafanya kazi. Mikono ikisimama, Rukiah alijua pameingia moyoni. Wakianza kuulizana bei ya vitunguu, alijua pamechuja, akaenda kuandika upya.

Siku ya sura ya tisa mikono yote ilisimama. Bwana harusi wa kitabuni, ambaye wanawake wale walimsubiri tangu ukurasa wa kwanza, alikamatwa usiku wa kuamkia ndoa yake na watu wasiovaa sare. Walimtia kwenye gari lisilo na namba, gari la aina ambayo Kampala nzima huiita droni. Bibi harusi akabaki na hina mbichi mikononi, anazunguka kituo baada ya kituo, na kila kituo wanamwambia mtu huyo hayupo. Mwanamke mmoja alikusanya ukili wake akaondoka bila kuaga. Mwingine aliomba isomwe tena tangu mwanzo. Aoko, jirani yao Mjaluo aliyekaanga chapati pale getini, alisema yeye alikuja kwa ajili ya harusi, sasa kapewa siasa, na nani atamrudishia harusi yake.

Na siku hiyohiyo alikuwepo yule mama mgeni.

Hakuna aliyemjua. Alikuja na baibui la kahawia, akasema anatafuta kawa la kununua, akakaa, hakununua. Aliomba maji, akakigeuzageuza kikombe kabla ya kunywa. Aliuliza Rukiah analala chumba gani, anatoka saa ngapi, anarudi na nani. Akarudi siku nyingine Rukiah akiwa mjini, akauliza yaleyale. Msimu ule, baada ya uchaguzi, mtu akiulizwa maswali ya namna hiyo hakufikiria mambo mazuri. Jioni Aoko alimwambia Rukiah, "Usijali, huyo shushushu tumemmaliza na akili." Rukiah hakuuliza ni akili gani. Angeuliza, angejiokolea mengi.

Sasa alikuwa anaunganisha mambo, na kila alichounganisha kilimtia baridi. Mama wa maswali anasikia sura ya tisa. Wiki haijaisha, Mansur anaijua. Huyu Mansur mwenyewe walijuana vipi? Alijitokeza tu siku moja kwa mchapaji, akasema familia yao ina gari linalopeleka sukari Masaka na Busia, akajitolea kubeba vitabu vyake bure. Wakati ule Rukiah aliona ni bahati, halafu akaona ni mapenzi. Mtu gani Kampala anabeba mzigo wa mwenzake bure mwaka mzima? Na Ijumaa iliyokuwa inakuja wazee wake walikuwa waje kuposa. Alimpenda kijana yule, tena sana, na hilo ndilo lililomuuma kuliko hofu yenyewe.

Jumamosi baada ya alasiri Mansur alikuja bila kuitwa.

Rukiah alikuwa peke yake uani anaanua nguo. Aliona kwanza kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, halafu ule uso aliokuwa akiuota, na leo uso ule haukuwa na tabasamu. Macho yao yalikutana, yakakaa, kisha kila mmoja akatazama kwingine. Wiki moja nyuma wangetazamana mpaka mmoja acheke.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Karibu."

"Sikujua kama nitakukuta."

"Ningekuwa wapi?"

"Arua, labda."

Rukiah hakuelewa, na hakutaka kuelewa kwa sasa, maana alikuwa na swali lake mwenyewe. Alimwekea kiti. Mansur hakukaa. Macho yake yalikuwa yanatembea: kwenye kamba ya nguo, kwenye dirisha la chumba cha nyuma ambako redio ilikuwa inasikika kwa mbali, mpaka chini ya mlango wa chumba hicho. Pale palikuwa na kandambili za kiume, kubwa, zimepangwa vizuri.

"Mansur," alisema Rukiah, "nani alikuambia kuhusu gari?"

"Gari gani?"

"Usinifanye mtoto. Bwana harusi wangu kutiwa kwenye gari. Sura hiyo haijatoka hapa. Nani alikuambia?"

"Kumbe hilo ndilo linalokusumbua."

"Linanisumbua, ndiyo. Kuna mwanamke alikuja hapa mara mbili anachunguza maisha yangu. Halafu wewe unanipigia simu kunishauri nimtoe mtu kwenye gari. Ni wewe uliyemtuma, au kuna aliyewatuma nyote wawili?"

Mansur alimtazama kwa muda. Kulikuwa na kitu usoni mwake ambacho Rukiah alikiona kama hatia, naye akakiogopa.

"Nitakujibu," alisema. "Lakini kwanza nijibu wewe. Watoto hawajambo?"

"Watoto gani?"

"Wako. Mapacha. Na baba yao, yule mwanajeshi, yuko Arua bado au ndiye mwenye viatu vile?"

Rukiah alidhani hajasikia vizuri. "Umekunywa kitu?"

"Mimi nimewaambia wazee wangu kwamba nimepata msichana. Nimewaambia hajaolewa. Juzi naitwa sebuleni, baba mdogo na shangazi wamekaa, wananiuliza kama najua kwamba ninayetaka kumposa ni mke wa mtu. Unajua nilivyojisikia? Nilikutetea mpaka sauti ikanikauka. Halafu nakuja hapa nakuta kandambili za mwanamume mlangoni."

Shangazi Sharifah alitoka jikoni anafuta mikono. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyemlea Rukiah tangu mama yake alipofariki. "Nani ni mke wa mtu kwenye nyumba yangu?"

"Mimi, shangazi," Rukiah alisema. "Nina mume Arua. Na mapacha."

Shangazi Sharifah alifikiri kidogo, kisha akageuza uso kuelekea getini, akaita kwa nguvu, "Aoko. Njoo hapa, nyabo."

Aoko alikuja na unga mikononi. Alimtazama Mansur, akatazama kanzu, akaanza kuelewa kabla hajaulizwa.

"Ulimwambia nini yule mama wa baibui la kahawia?"

"Si nilisema nilimmaliza na akili," Aoko alijibu. "Alikuwa ananiuliza kama Rukiah ako na bwana. Nikajiambia, hawa watu kabla hawajakuja kubeba mtu wanauliza kwanza kama ako peke yake. Sasa nikasema ako na bwana, tena mkubwa jeshini, ako Arua. Ili waogope. Akauliza watoto, nikasema mapacha."

"Mapacha," alirudia Shangazi Sharifah.

"Akauliza majina. Nikasema Opiyo na Odongo."

"Mtoto wa Mnubi wa Arua anaitwa Opiyo?"

"Majina ya mapacha ninayojua ni hayo ya kwetu, mama. Nilikuwa naangalia chapati isiungue."

Mansur alikaa kwenye kile kiti kwa uzito wa mtu aliyetembea mbali. Alijifunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Rukiah alidhani analia, mpaka aliposikia kicheko.

"Yule mama," alisema hatimaye, "ni shangazi yangu. Shangazi Farhana. Kwetu kabla wazee hawajaenda kuposa, anakwenda kwanza mwanamke asiyejulikana. Anaomba maji, anaangalia kikombe, anauliza majirani. Nilijua atakwenda. Sikukuambia kwa sababu bibi harusi hatakiwi kujua."

"Hata sisi tunafanya hivyo," alisema Shangazi Sharifah. "Ila tunatuma mtu anayejua kujifanya mnunuzi. Wenu hata bei hakuuliza."

"Alisema nini kuhusu kikombe?" Rukiah aliuliza. Hakutaka kuuliza, swali lilimponyoka.

"Alisema hajaona nyumba yenye vikombe visafi namna hiyo. Halafu akalia, kwa sababu ni mke wa mtu."

Hapo Rukiah naye alicheka. Walicheka wote, Aoko zaidi ya wote, na kwa dakika chache ua ule ulikuwa mahali pa furaha. Mansur alimtazama Rukiah jinsi alivyokuwa akimtazama zamani, kwa macho yale ya polepole yaliyomfanya asahau alichokuwa anasema. Aoko akarudi kwenye chapati zake akijisifu. Rukiah alitaka mambo yaishie pale. Lakini aliona tabasamu la Mansur linafifia mapema kuliko ilivyofaa, na ile baridi ikamrudia.

"Kuna jingine," alisema.

"Lipo." Mansur aliinamisha kichwa. "La mume nitawaeleza, watacheka, litakwisha. Lakini shangazi aliisikia pia ile sura. Alimsimulia baba mdogo Wasim neno kwa neno. Na baba mdogo amesema Ijumaa watakuja kwa sharti moja. Sura ile itoke kitabuni."

"Kwa hiyo ulinipigia simu kwa niaba yake."

"Nilikupigia kwa niaba yangu pia."

"Hapo ndipo nilipotaka tufike," alisema Rukiah, akaweka kikapu cha nguo chini. "Sema."

"Baba mdogo anapeleka unga na sukari kwenye ofisi za watu wakubwa. Mizigo yetu inapita bandari ya Port Bell, na pale mtu mmoja akikasirika mzigo unalala mpaka unaoza. Mke wa nyumba yetu akiandika mambo ya droni, nani atauliza kama ni hadithi? Watasema sisi ndio tumemtuma. Hiyo ni hofu yake. Sasa yangu. Rukiah, watu hawakununui kwa ajili hiyo. Mwanamke amefua, amepika, mwenye nyumba amemtukana. Usiku anafungua kitabu chako apumzike. Anataka kujua kama yule binti atampata mpenzi wake. Wewe unamrudisha kulekule alikokimbia."

"Kwani wapendanao wa kitabuni wanaishi mji gani? Si hapahapa? Mvua ikinyesha Bwaise, maji yanaingia hata kwa waliooana jana. Nikiandika maharusi wanahamisha godoro, utasema nimeandika siasa ya mitaro?"

"Mitaro haimkamati mtu."

"Umeona sasa. Kumbe si siasa unayoikataa. Unakataa ile inayouma."

"Mimi sikatai mawazo yako. Ukiwa na la kusema, nenda redioni, andika gazetini, weka jina lako, watu wajue wanasoma nini. Lakini usimvutie msomaji kwa busu halafu ukamfungia mlango. Hiyo mimi naiona ni hila."

Neno lile lilimchoma, kwa sababu usiku mwingine yeye mwenyewe alikuwa amejiuliza hivyohivyo. Shangazi Sharifah alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, na Rukiah hakujua yuko upande wa nani. Huenda hata yeye hakujua.

"Gazetini wataniuliza shahidi," alisema Rukiah polepole. "Nani atakuja kutoa ushahidi? Kwenye hadithi hakuna anayeulizwa jina. Naweza kusema mtu alichukuliwa, na mtu fulani Kawempe akasoma, akajua hayuko peke yake. Hiyo ni hila?"

"Na yule tajiri wa kitabuni? Mjomba wa bibi harusi, mwenye ndevu za hina, anayekataa kusaidia kwa sababu anaogopa biashara yake. Shangazi alisema umemwandika baba mdogo mpaka kikohozi."

"Baba yako mdogo sijamuona maishani mwangu."

"Ndiyo maana nauliza. Umeyatoa wapi? Mwaka mzima mimi nakusimulia habari za kwetu, wewe unasikiliza kwa makini. Nilidhani unanisikiliza mimi."

Kumbe na yeye alikuwa na lake. Rukiah alimtazama, akaona kwamba tangu mwanzo walikuwa watu wawili wanaochunguzana, kila mmoja ameshika mapenzi yake mkono mmoja na shaka mkono wa pili. Aliona aibu, na alikasirika kwa kuona aibu.

"Matajiri wote waoga wanakohoa namna moja," alisema. "Sikumwandika yeye. Lakini kama amejiona, mwambie pole."

"Hujanijibu kuhusu viatu."

Rukiah alizitazama kandambili zile. Ile redio ya chumba cha nyuma ilikuwa imezimwa, na hakuna aliyejua imezimwa saa ngapi.

"Mume wa Arua hayupo," Mansur aliendelea, sauti imeshuka. "Sawa, nimeamini. Basi viatu ni vya nani? Umeniambia nyumba hii mnaishi wanawake wawili. Nimekuuliza mara ngapi kama una ndugu, unabadilisha mazungumzo. Unanidai mimi ukweli, Rukiah. Wewe unanificha nini?"

Rukiah alimtazama shangazi yake. Shangazi Sharifah alifunga macho, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Ni vya kaka yangu," alisema Rukiah. "Anaitwa Hamim. Alitoka wakati wa kampeni kununua vocha, hapo Bombo Road tu, wala hakuwa mtu wa mikutano. Tulimtafuta. Kila kituo walituambia hayupo, mpaka tukamkuta ametupwa barabarani karibu na Port Bell, hana viatu. Amepona mwili. Anakula, anasali, anasikiliza redio. Lakini tangu arudi hajavuka geti lile, na hajasema neno moja la kule alikokuwa. Sikukuambia kwa sababu sikukujua wewe ni nani. Nilikupenda, lakini sikukujua. Kila mtu mpya aliyekuja hapa nilimuona ni mmoja wao. Hata wewe. Hata jana usiku."

Alikuwa analia sasa, na hakujifuta.

Mansur hakumgusa, maana shangazi alikuwepo, ila alisogeza kiti karibu kidogo. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Aliposema, hakusema alichotegemea Rukiah.

"Sura ya tisa ni ya kwake."

"Ni ya kwake."

"Ulimwomba?"

"Chumba chake kina dirisha la uani. Nikisoma anasikia."

"Sijauliza kama alisikia. Nimeuliza kama ulimwomba."

Rukiah aligeukia lile dirisha. Alikuwa amejiandaa kwa kila mtu: kwa baba mdogo mwenye mizigo, kwa mashushushu wa kweli na wa kubuni, kwa wasomaji wanaotaka harusi zao. Mtu mmoja tu hakuwa amejiandaa kwa ajili yake, na mtu huyo alilala ukuta wa pili. Alijiambia mara nyingi kwamba anaandika kwa ajili ya Hamim. Hakuwahi kumuuliza kama anataka kuandikiwa.

"Akisema itoke, nitaitoa," alisema. "Si kwa sababu ya sukari yenu. Akisema ibaki, itabaki, na wewe utaniacha, nami sitakulaumu."

Akaenda kwenye mlango ule akabisha. Mlango ulifunguka haraka, kwa sababu Hamim alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba kuliko alivyokuwa zamani, ndevu zake amezichonga vizuri. Alimpa Mansur salamu kwa kichwa, na Mansur akasimama.

"Kaka, umesikia?" Rukiah alimuuliza.

"Nimesikia."

"Nilikukosea. Nilichukua yaliyokupata nikayasomea watu. Niitoe?"

Hamim alitazama chini. Shangazi Sharifah alikuwa amevuta kitambaa chake mdomoni.

"Kuna mahali umekosea," alisema Hamim.

"Niambie."

"Umeandika walimfunga macho na kitambaa cheusi. Wale hawana vitambaa. Walinivua shati langu mwenyewe, wakanifunga nalo. Shangazi alikuwa amelifua asubuhi ile." Alimgeukia shangazi. "Njia nzima nilikuwa nasikia harufu ya sabuni yetu. Nikawa najua bado niko mtu wa nyumba fulani. Andika hivyo. Ukiandika kitambaa, atakayesoma, kama alipita huko, atajua ulibuni, hatakuamini hata kwa busu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu arudi. Shangazi Sharifah aliingia jikoni, na huko walimsikia akivuta pumzi kwa nguvu, anajizuia.

Mansur alitoa simu mfukoni. Hakwenda nje ya geti, wala hakushusha sauti. Alisimama palepale katikati ya nguo zilizoanikwa, Rukiah akisikia upande mmoja tu wa mazungumzo.

"Baba mdogo, shikamoo. Niko kwao. Hana mume, ilikuwa jirani anamlinda, nitakuelezea ucheke... Hapana, hana watoto... Ndiyo, nimemwambia habari ya ile sura. Inabaki." Alisikiliza kwa muda. Sauti ya mzee ilikuwa inavuma kwenye simu kama nyuki chupani. "Nimeelewa kuhusu mizigo. Ningekuwa wewe ningeogopa vilevile, hata mimi naogopa... Sijarogwa, baba mdogo... Kale, sawa. Kama hamtakuja, hamtakuja. Mimi Ijumaa nitakuwa hapa."

Akairudisha simu mfukoni. Alikuwa amekiri hofu yake mbele yao wote, na hilo lilimgusa Rukiah kuliko mengine yote, kwa sababu mtu anayejifanya hakiri. Alitafuta moyoni ile shaka iliyomkosesha usingizi wiki nzima. Hakuiona.

"Wamekataa," alisema Mansur.

"Nimesikia. Pole."

"Bado naona ungemchelewesha bwana harusi wako kwa mvua."

"Najua unaona hivyo."

"Nitaona hivyo hata tukishaoana. Nitakuwa nakuambia kila usiku."

"Na mimi nitakuwa nakataa kila usiku," alisema Rukiah, na kwa mara ya kwanza siku ile walitazamana bila kuchunguzana.

Shangazi Sharifah alitoka jikoni macho mekundu, ila sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake. "Mnaongea habari za kuoana kama watu wasio na kwao. Kijana, wewe ni mzuri, nimekuona. Lakini kwetu mwanamume haji kuposa peke yake. Siku ya Ijumaa mkeka unatandikwa, watu wetu wanakaa huku, watu wako kule. Nani atakaa kule? Nimweleze nini imamu, kwamba bwana harusi ameletwa na kanzu yake?"

Mansur alianza kutaja rafiki, akatikisiwa kichwa. Rafiki hatoshi. Akataja jirani wa Makindye, akatikisiwa tena. Posa husimamiwa na mtu atakayeulizwa siku mambo yakiharibika, mtu mwenye uchungu nayo.

"Mimi nitakaa upande wake," alisema Hamim.

Wote waligeuka.

"Wewe ni kaka wa msichana," Shangazi Sharifah alimwambia kwa upole, kama mtu anayemwongelesha mgonjwa. "Upande wako ni huku. Na tena, mwanangu, watu wa posa hawatokei chumbani. Wanatoka nje, barabarani, wanabisha geti, sisi ndani tunauliza ni nani. Ndivyo inavyofanywa. Huwezi kuja na yeye kama hujatoka."

"Najua inavyofanywa, shangazi," alisema Hamim. "Ijumaa nitatoka, nibishe naye."